Picha ya babu imegoma kuhama? Usimfokee mtoto, tafuta sababu

Mzazi mwenzangu, wiki hii nimeweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa. Sababu ni ujumbe wa mama mmoja wa Pasua, Moshi.

Binti yake wa darasa la nne anataka kumpelekea bibi zawadi familia itakapopanda Kibosho kwa ajili ya Krismasi. Zawadi yenyewe ni picha ya marehemu babu amesimama na gunia la kahawa lenye herufi za KNCU, kile chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933. Binti anataka picha hiyo ihamie juu ya kibao kidogo, pembeni aipambe kwa magome makavu ya mgomba.

Wamejaribu mara tatu. Mara ya kwanza wino uliyeyuka ukawa tope la bluu. Mara ya pili picha ilihama, lakini KNCU ikasomeka kinyumenyume. Mara ya tatu picha ikachanika na uso wa babu ukabaki kwenye sponji. Mama anakiri kwamba alimfokea mtoto, naye mtoto amekusanya vitu vyake na kuvisukuma uvunguni. Kisha anauliza: "Nikitumia picha yenyewe halisi badala ya kopi si itashika vizuri zaidi, maana karatasi yake ni nene?"

Hapana, mama. Tafadhali usiiguse. Nakuomba hivyo kwa sababu mimi niliigusa.

Yaliyonipata mimi

Miaka kadhaa iliyopita mwanangu alitaka kufanya kazi kama hiyo. Kopi ilipogoma, nikabandua kwenye albamu picha ya marehemu baba yangu akiwa na baiskeli, nikaipaka gundi na kuilaza kwenye ubao. Asubuhi nikalowesha karatasi na kuanza kusugua. Picha ikatoka kama utando wa maziwa yaliyochemka, yote, mpaka baiskeli. Ilikuwa picha pekee tuliyokuwa nayo.

Baadaye nilijifunza kilichotokea. Picha za zamani za studio zina tabaka jembamba la jelatini, kitu kinachotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na sura unayoiona imo ndani ya tabaka hilo. Likilowa, jelatini inavimba na kulainika. Ukisugua, unasugua sura yenyewe.

Nilichuma jani la isale mpakani mwa kihamba nikampelekea mama, maana kwetu Wachaga jani hilo ni ombi la msamaha. Alilipokea. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sura yake ninayo moyoni. Watoto wako wataitoa wapi?"

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: picha halisi haigusi gundi wala maji. Ipige kwa simu ikiwa kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Irudishe kwenye albamu. Kazi yote ifanyike kwa kopi. Kopi ikiharibika, umepoteza karatasi moja tu na unaweza kutoa nyingine.

Namna inavyofanyika

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni rahisi. Unapaka gundi nyeupe ya mbao juu ya kibao, unalaza kopi uso ukiangalia chini, unaacha ikauke usiku kucha. Kesho yake unalowesha mgongo wa karatasi na kuusugua taratibu kwa kidole. Karatasi inatoka kwa vipande vidogo vidogo kama taka za kifutio, wino unabaki umeshikwa na gundi.

Kibao kizuri ni kipande cha plaiwudi ambacho fundi seremala anakitupa. Jalada gumu la kaunta buku la zamani nalo linafaa, ukilibandika kwanza karatasi nyeupe na kuliacha likauke. Boksi la kawaida la mizigo linanyonya gundi na kulegea, na mistari yake hutokeza usoni mwa picha.

Sasa tuje kwenye matatizo, moja baada ya jingine.

Wino umeyeyuka

Kosa hapa si la mtoto, ni la mashine. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa majimaji, na wino huo ukikutana na maji unaondoka. Unachohitaji ni kopi ya mashine inayotumia wino wa unga, ambao watu wa steshenari huuita tona. Unga huo una plastiki ndani yake na huyeyushwa kwa joto mpaka ukashika karatasi. Hauhitaji maji hata kidogo. Mmarekani Chester Carlson alipofanikiwa kutoa kopi ya kwanza ya namna hii mwaka 1938, alikuwa akitafuta njia kavu ya kunakili. Ukavu huo ndio unaotusaidia leo.

Jipime kabla ya kuondoka dukani: lowesha kidole, sugua pembeni mwa kopi. Ikichafuka, si yenyewe. Isipochafuka, nunua mbili, ya pili ni akiba.

Herufi zimegeuka

Kopi unailaza kifudifudi, kwa hiyo kila kitu kinageuka kama kwenye kioo. Kwa uso wa mtu huenda usitambue, lakini herufi za gunia zitakuumbua. Kabla ya kuchapisha, igeuze picha kwenye simu kwa kitufe cha kupindua kushoto na kulia, au mwombe kijana wa steshenari akufanyie. Kopi ikitoka huku maandishi hayasomeki, ujue iko sawa. Mwache mtoto aithibitishe mwenyewe mbele ya kioo cha ukutani. Atafurahi, na hatasahau.

Uso umekuwa mweusi tii

Picha za zamani zimefifia au zina kiza, na mashine ya kopi huongeza kiza zaidi. Nyuso zetu ndizo zinazoumia: macho na mdomo hupotea. Omba kopi iliyopunguzwa weusi, hata kama dukani inaonekana imepauka. Kumbuka pia kwamba mashine haina wino mweupe. Sehemu nyeupe ya picha itachukua rangi ya kibao. Shati jeupe la babu likihamia kwenye ubao wa kahawia, litakuwa la kahawia. Ukitaka libaki jeupe, paka ubao rangi nyeupe kwanza na uache ukauke kabisa.

Picha ina mabaka

Mabaka ni mahali ambapo gundi haikufika au hewa ilinaswa. Paka gundi nyembamba, iliyoenea sawasawa, mpaka kwenye kingo. Ukishalaza kopi, chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, uivute kutoka katikati kwenda nje. Gundi ikitokeza pembeni, ifute mara moja isije ikapanda mgongoni mwa karatasi, kwa sababu karatasi iliyofunikwa na gundi haitoki tena.

Kazi hii mpe mtoto mdogo. Mikono ya miaka mitano inaiweza vizuri kabisa.

Picha imechanika

Hapa ndipo wengi wetu tunaangukia, na hapa ndipo mlima unaingia. Ukisugua gundi haijakauka, unaondoka nayo pamoja na uso. Gundi inakauka lini? Inategemea unakaa wapi. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na huku juu kuna ukungu na unyevu. Kilichokauka kwa usiku mmoja Pasua mwezi wa Januari kinaweza kuhitaji siku mbili Marangu au Machame wakati wa masika, na hata zaidi katika baridi ya Juni na Julai. Usiharakishe kwa kukiweka kando ya jiko, maana kibao hupinda na picha hubanduka. Kiweke ndani, penye hewa, na usubiri.

Mjini tatizo ni kinyume. Mchana wa Februari gundi huanza kukauka kabla hujalaza karatasi. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema au jioni.

Aina ya gundi nayo ina neno. Gundi ya shule iliyotengenezwa ili ifulike kwenye sare hulainika tena ikiguswa na maji, hata kama ilikuwa imekauka. Tumia ya seremala. Na wakati wa kusugua, maji yawe ya kulowesha tu, si ya kumwaga. Tumia ncha ya kidole, usitumie kucha wala upande mgumu wa sponji.

Ukungu mweupe umefunika picha

Ikiwa mbichi picha inang'aa, ikikauka inafunikwa na ukungu kama Kibo saa sita mchana. Usivunjike moyo. Hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena kidogo, sugua, acha ikauke, angalia. Huenda ukarudia mara tatu au nne. Ukungu mdogo wa mwisho hupotea ukipaka juu yake gundi ileile kwa tabaka jembamba sana. Ikishakauka, mtu mzima aipake vanishi nje ya nyumba, kwa sababu gundi peke yake haivumilii ukuta wenye unyevu.

Njia ya kuepuka

Wapo watakaokwambia upitishe thina, petroli au asetoni ya kufutia rangi ya kucha mgongoni mwa kopi, ili picha ihame kwa dakika chache. Ni kweli dawa hizo huyeyusha tona. Pia mvuke wake hulevya na hushika moto haraka, na nyumba zetu zina jiko linalowaka karibu kila saa. Hii si kazi ya watoto. Tuendelee na gundi yetu ya usiku kucha.

Neno kwa mama wa Pasua

Ukiangalia, mama, makosa matatu ya binti yako yana sababu tatu: wino wa maji, picha isiyogeuzwa, gundi ambayo haikukauka. Hakuna hata moja inayoitwa uzembe. Vitoe vile vitu uvunguni. Mwombe radhi kwanza, kisha mwambie asome makala hii nawe, aoneshe kidole kila kosa lake lilipo. Mtoto aliyejua kwa nini kazi iliharibika hurudi kuifanya.

Anzeni mwezi wa Novemba, msisubiri wiki ya safari. Na mkiwa bado na ile picha halisi mkononi, mwulize bibi kwa simu: ilipigwa wapi, mwaka gani, na yule kijana anayeonekana nyuma ya babu ni nani. Binti aandike majibu kwa kalamu ya risasi nyuma ya kibao.

Mama yangu alifariki kabla sijamuuliza baiskeli ile ilikuwa ya nani.