Mbwa anayejing'ata anawashwa

Kwenye njia zinazopanda milima ya Uluguru kutoka Bigwa nimemwona mara nyingi: mbwa wa shamba, mlinzi wa mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, anasimama ghafla, anajipinda na kujing'ata kiunoni mpaka manyoya yananyofoka. Wapita njia husema ana kichaa, na mawe yanafuata. Lakini kichaa hubadilisha tabia nzima ya mbwa, na mara nyingi humfanya aume chochote kilicho mbele yake; huyu bado anamtikisia mkia bwana wake. Anawashwa. Basi tazama anapouma. Akishambulia shina la mkia na mapaja, mshuku kiroboto: mate ya mdudu huyo huwasha, na mbwa ambaye mwili wake hauyavumilii huteswa hata na viroboto wachache. Akiguguna nyayo, tafuta mwiba au kupe katikati ya vidole. Manyoya yakipukutika masikioni na viwikoni, huenda ni upele, nao huweza kumpata hata mtu. Kinachoniuma zaidi ni ile tiba ya kumpaka oili chafu ya gari: huunguza ngozi, naye akijilamba anameza sumu. Na kwa viroboto, kumwogesha tu hakutoshi, maana mayai ya viroboto hudondoka pale anapolala. Fagia pale, choma magunia makuukuu anayolalia. Akiendelea kujing'ata, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama hapa hapa Morogoro.