MTOTO WA EASTLANDS NA HISABATI: NANI ANALIPIA UTAFITI?

Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lengo zuri. Lakini mtoto wa Majengo, Huruma au Korogocho ambaye hajawahi kuingia maabara atafikaje huko? Na nani anajua alikwama wapi: kwenye kutoa na kuzidisha Gredi ya 2, au kwenye aljebra Gredi ya 8?

Jibu halipatikani kwa kubahatisha. Ni utafiti, na utafiti ni pesa.

Tusiseme hatujawahi kutafitiwa. APHRC, kituo cha utafiti kilicho hapa Nairobi, kilifuatilia elimu ya watoto wa Korogocho, Viwandani, Jericho na Harambee. Kikagundua kwamba miaka kadhaa baada ya elimu ya msingi ya bure ya 2003, watoto wengi wa mitaa duni walikuwa bado wanalipa karo katika shule ndogo za binafsi, zile za mabati tunazozijua. Ukihesabu shule za umma peke yake, hao huwaoni.

Kisha ukaja mradi wa PRIMR, 2011 hadi 2014, uliopima kusoma na hisabati katika madarasa ya chini. Shule hizo za mabati nazo ziliingizwa. Ilionekana kwamba kila mtoto akiwa na kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo na mtu wa kumtembelea darasani, matokeo yanapanda. Kule Kisumu mradi ulijaribu pia tableti. Hazikuongeza mengi juu ya hayo, na gharama yake ni kubwa. Hebu fikiria: taifa zima lilikuwa linabishana kuhusu laptopu za watoto, na jibu la bei nafuu lilikuwa mezani!

Sasa swali gumu. Nani alilipa? Pesa nyingi za PRIMR zilitoka USAID ya Marekani. Tusome, mradi wa kusoma uliofuata, pia USAID. Hisabati ikaendeshwa na mradi mwingine, PRIEDE, nao kwa pesa za wafadhili. Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi. Mgeni akiondoka na taa yake, mwenye nyumba anabaki gizani.

Na si kwamba sheria haipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Kitaifa ya Utafiti kila mwaka. Hilo halijawahi kutimizwa.

Ndugu zetu, tunadai mambo matatu. Kwanza, Bunge litimize asilimia hiyo hatua kwa hatua, na sehemu yake itengwe kwa ufundishaji wa hisabati na sayansi. Pili, shule za mabati na shule za mseto zinazofundisha madrasa na mtaala wa serikali zihesabiwe katika kila utafiti. Tatu, matokeo yarudi kwa walimu na wazazi, kwa Kiswahili, yasifungiwe makabatini.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinatupa haki ya kushiriki katika mambo ya fedha za umma. Vikao vya bajeti vikiitishwa, twendeni, tena na swali moja: ya utafiti wa watoto wetu ni ngapi?