Ngoma mpya, masikio ni yale yale

Mzazi, mwanao akikuaga kwamba Jumamosi anakwenda kucheza electro funk na breakbeat zilizotoka sasa hivi, usigombane naye kwa ajili ya muziki. Kucheza kunaufaa moyo, mwili na akili. Muziki wenyewe si wa jana: breakbeat ilianzia Bronx, New York, miaka ya 1970, na electro ikavuma mwaka 1982 kwa "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na mashine ya ngoma ya Roland TR-808. La kuzungumza naye ni sauti ya spika.

Ndani ya kila sikio kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Kwa kipimo kinachotumika sana kulinda wafanyakazi, desibeli 85 ni salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu. Zikifika 100, kiwango cha kawaida ukumbini, zimebaki dakika 15. Hapo DJ hata hajachangamka.

Kinachowadanganya vijana ni besi. Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, si nzito. Hivyo ngoma ataendelea kuisikia vizuri, huku "s" na "f" za mwalimu wake zikimpita. Nyumbani utamwita mkaidi, kumbe hasikii.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wateja wapatiwe viziba masikio, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia. Kwa maoni yangu, mwandaaji anayeweza kumvalisha kila mteja mkanda mlangoni anaweza kumpa na viziba vya sponji. Tuvidai tunaponunua tiketi.

Nawe kijana, kaa mbali na spika, toka nje mara kwa mara, vaa viziba. Pamba haitoshi. Masikio yakiendelea kuvuma zaidi ya siku moja, nenda ukapimwe. Sikio likiziba ghafla usisikie, nenda hospitali siku hiyo hiyo; matibabu husaidia zaidi yakianza mapema.