Usiwe Yule Mteja

Wasee wa Bondeni na Nax yote, tuongee ukweli. Kabla ChatGPT haijatoka Novemba 2022, vijana wengi Kenya walikuwa wanalipa keja kwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Jamaa anakesha na laptopu akisoma mambo ya uuguzi na sheria, mteja anapata digrii. Lakini kichwani nani alibaki na kitu? Yule aliyekesha.

Sasa jiangalie. Uko Egerton ama Kabarak, asaimenti inafungwa saa sita usiku, unakopi swali, unapesti jibu, unatuma. Umekuwa yule mteja. Tena safari hii hakuna binadamu hata mmoja aliyejifunza kitu.

Mimi niliacha chuo, so sikuhubirii mambo ya gredi. Na AI naitumia kila siku. Itumie kama mwalimu: ikueleze kilichokupita darasani, ikuulize maswali kabla ya CAT, ikosoe insha uliyoandika mwenyewe. Ikikutajia kitabu, kitafute, maana huwa inabuni hata vitabu ambavyo havipo. Lecha akiruhusu, sema umeitumia wapi. Akikataza, wacha.

Na uhifadhi rasimu zako. Programu za kugundua AI hukosea; OpenAI wenyewe walifunga yao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Ukishukiwa bure, rasimu ndio ushahidi wako.

Kabla hujabonyeza "tuma", jiulize: lecha akinisimamisha anitajie hii paragrafu inasema nini, nitaeleza? Kama huwezi, hiyo kazi bado si yako.