Tovuti ya Chama Ifuate Maswali ya Mkulima



Kamati imekwisha kata shauri chama chetu kiwe na tovuti, nami naliunga mkono jambo hilo. Lakini mpango uliowekwa mezani siupendi, na kwa kuwa mimi katibu ndiye nitakayeijaza hiyo tovuti, yanipasa niseme kabla fundi hajalipwa. Mlango wa kwanza ni Historia ya Chama, wa pili Uongozi, wa tatu Kamati Ndogo, wa nne Machapisho. Na bei ya karafuu je? Imo ndani ya Machapisho, chini ya Taarifa, chini ya mwaka.

Mwaka 2019 nilisafiri mpaka Bariadi, Mkoa wa Simiyu, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi. Kabla ya safari nilitaka kusoma habari za wakulima wa pamba wa huko, maana wao kwa pamba ni kama sisi kwa karafuu. Nikaandika katika simu "Bariadi". Kumbe Bariadi ni zaidi ya moja: iko Halmashauri ya Mji, iko Halmashauri ya Wilaya, tena mji huo huo ndio makao makuu ya mkoa. Mgeni hajui agonge mlango upi.

Habari za zamani ndizo zilizonichosha zaidi. Mkoa wa Simiyu ulianza mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, Itilima ilikuwa ndani ya Bariadi, na Busega ilikuwa ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Basi mzee wa Lagangabilili, Itilima, akitaka habari za pamba za mwaka 2010, lazima kwanza aijue historia ya mipaka! Simlaumu mtu, mipaka hubadilika. Lakini mstari mmoja, "Ya kabla ya 2012 tazama Shinyanga", ungemwokolea nusu siku.

Na sisi wa Pemba tuna mtihani wetu. Andika "karafuu Mkoani" uone. Jina la mji wetu ni neno la kila mkoa: mkoani Simiyu, mkoani Mwanza, mkoani kote. (Pemba na pamba nazo zatenganishwa na herufi moja tu, na kidole cha mzee hakikosi kuteleza.) Kwa hiyo kila ukurasa wetu uandikwe "Mkoani, Pemba", bila kufupisha.

Tena maneno. Mpango wataja "Taratibu za Ubora Baada ya Mavuno". Nani kati yenu atatafuta maneno hayo? Mkulima huuliza: Mpeta wauzwa? Makonyo yapokewa wapi? Karafuu yangu imenyeshewa jamvini, nifanyeje?

Msimu uliopita mwanachama mmoja alikodi gari, akapeleka magunia kituoni, akakuta kituo kimehamishwa siku tatu nyuma. Tangazo lilikuwapo. Niliandika mimi mwenyewe, nikalibandika ubaoni chini ya "Mambo Mengineyo". Mvua ikamkuta njiani. Karafuu zikalala na unyevu, zikachacha na kupauka, na daraja likashuka. Mwenzetu huyo hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma.

Nataka milango iwe maswali yenyewe: bei ya leo, pa kuuzia, namna ya kukausha, pa kupata miche, nani wa kupigiwa simu. Historia na picha za viongozi, yangu ikiwamo, zikae mwisho. Na kabla ya kumlipa fundi, tuwape simu wanachama watano wasio wa kamati, tuwaambie watafute kituo cha makonyo, nasi tukae kimya tuangalie wanapokwama.

Katika mkutano ujao nitakuja na mpango wa kamati ukiwa ndani ya simu yangu. Anayeupenda anitafutie bei ya makonyo mbele ya watu, nami nitahesabu milango.

Katibu