MWALIMU WA WATOTO NA CHAZA WA SERIKALI

Karl Möbius alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Eilenburg mwaka 1825. Alianza kazi kwa kufundisha shule ya watoto, akaishia kuwa mkuu wa nyumba ya makumbusho ya Berlin.

Alikwisha kuwa mwalimu alipokwenda chuo kikuu cha Berlin kusomea elimu ya viumbe. Baadaye, akifundisha Hamburg, alishirikiana na mfanyabiashara aitwaye H. A. Meyer kuchunguza wanyama wa ghuba ya Kiel, na mwaka 1868 akafanywa profesa katika mji huo wa Kiel.

Ndipo Serikali ya Prussia ilipomtaka shauri. Wafaransa walikuwa wakifuga chaza pwani kwao. Je, haiwezekani kufanya vivyo hivyo Schleswig-Holstein? Möbius alikwenda kutazama, naye akajibu kwamba haiwezekani. Si kila mtu awezaye kuipa Serikali jibu isilolitaka.

Sababu zake alizieleza katika kitabu cha mwaka 1877. Chaza mmoja mzima huweza kuzaa watoto milioni, lakini karibu wote hufa. Mtoto wa chaza huelea majini siku chache, kisha hana budi kushikamana na kitu kigumu. Akiangukia tope au mchanga unaohama, amekwisha. Tena chakula cha mahali pale ni cha kadiri, na wanaokigombania ni wengi. Viumbe wote wa hapo ni kama kijiji kimoja, na Möbius alikiundia jina kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maisha ya pamoja. Wavuvi wakiondoa chaza kupita kiasi, nafasi yao haikai wazi: kome na wenzao huingia. Mfugaji aliyeona magugu yakishika malisho yaliyoliwa mno atamfahamu upesi.

Mwaka 1874 alisafiri hadi Mauritius na Seychelles, katika bahari yetu hii, na mwaka 1888 akakabidhiwa makumbusho ya Berlin. Jumba jipya lilikuwa limejengwa ili watu waonyeshwe kila kitu. Yeye alitenga vitu vichache vya kutazamwa na wote, na vingine akawawekea wachunguzi. Aliacha kazi mwaka 1905, akafa mwaka 1908.

Chaza wale waliendelea kuvuliwa. Ilipofika katikati ya karne ya 20, chaza wa asili walikuwa wametoweka katika pwani ile.