Gesi ya gari hailiwi, huvuja

MSAFIRI aliyetoka Nairobi asubuhi akiwa amevaa sweta huivua kabla ya kufika Namanga. Barabara ile ya Athi River, Kitengela, Isinya na Kajiado huteremka taratibu kuelekea mpakani, na wakati wa kiangazi, kuanzia Bissil, jua hulichoma paa la gari kama kikaango. Vumbi nalo halina adabu. Ukifungua dirisha unakula vumbi, ukilifunga unachemka. Hapo ndipo mwenye gari lenye kiyoyozi humshukuru Mungu, na ambaye kiyoyozi chake kimekufa huanza kumkumbuka fundi wake kwa maneno yasiyoandikika gazetini.

Wiki hii, ndugu msomaji, nataka tuzungumzie viyoyozi vya magari ya kizee, hasa vile vinavyojiongoza vyenyewe. Ni vile ambavyo dereva huchagua kiwango cha joto anachotaka, tuseme nyuzi 22, na gari likaamua lenyewe lichanganye hewa baridi na moto kiasi gani. Mambo haya si mageni. Kampuni ya Packard huko Marekani ilianza kuuza magari yenye kiyoyozi katika matoleo yake ya mwaka 1940, na Cadillac ikaleta kile cha kujiongoza katika matoleo ya mwaka 1964. Mercedes-Benz nao wakafuata, na ndiyo maana hata leo ukipita kwenye gereji za Kitengela utaona mzee wa watu amesimama kando ya Mercedes ya miaka ya sabini au themanini, mikono nyuma, akimtazama kijana aliyezamisha kichwa chini ya dashibodi.

Nimepata barua ya binti mmoja wa chuo kikuu ambaye nyumbani kwao ni Kajiado. Baba yake, mwalimu mstaafu, ana Mercedes 300D ya mwaka 1983. Aliinunua kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, na ndiyo maana ina kiyoyozi cha kujiongoza, kitu ambacho magari mengi ya aina hiyo hapa kwetu hayana. Kila mwezi mzee humpeleka mama Nairobi kwa daktari wa presha. Siku hizi gari hilo linatoa hewa ya moto hata jua likiwa utosini, na mama hufika hospitali akiwa amelegea kuliko alivyotoka nyumbani.

"Kila tukienda gereji," anaandika binti huyo, "fundi husema, 'Mwalimu, gesi imekwisha, tuijaze.' Tumejaza mara tatu tangu mwaka uanze. Sasa mwingine amemwambia baba kwamba gesi ya zamani haipatikani, kwa hiyo atamwekea ya mtungi wa jikoni, ni rahisi na inapoza sana. Kaka zangu wanasema gari liuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu. Baba hataki kusikia. Nifanyeje?"

Dada yangu, jambo la kwanza ni hili: gesi ya kiyoyozi si petroli. Petroli huchomwa ikaisha. Gesi hii huzunguka tu. Kompresa huisukuma kwa nguvu hadi kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, hapo humwaga joto lake nje na kuwa majimaji. Kisha hupita kwenye tundu jembamba, ikageuka tena kuwa hewa ndani ya evaporeta iliyo chini ya dashibodi, na katika kugeuka huko hunyonya joto la ndani ya gari. Halafu hurudi kwenye kompresa, safari ikaanza upya. Ni kama damu mwilini. Damu ya mtu mzima haipungui ovyo ila kuna jeraha mahali. Ni kweli kwamba katika gari la miaka arobaini gesi hupenya kidogo kidogo kwenye mipira, lakini hiyo ni kazi ya miaka. Ikikwisha kwa mwezi mmoja au miwili, kuna mahali panavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu ni sawa na mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka halafu anakudai pesa za maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasara yenyewe si ya mfuko wa mwalimu peke yake. Magari ya umri huo yalitengenezwa kutumia gesi iitwayo R12, ambayo ikiponyoka hupanda juu angani na kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Ndiyo sababu mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal mwaka 1987, Kenya ikauridhia mwaka 1988, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi Januari 1, 2010 kuacha kabisa gesi za jamii hiyo. Hivyo fundi alisema kweli kwamba gesi ya zamani haipatikani. Lakini dawa yake haiko jikoni.

Gesi ya kupikia ni propeni na buteni. Inapoza, hakuna ubishi. Lakini evaporeta iko ndani ya gari, karibu na magoti ya abiria, na feni yake ina mota ya umeme inayoweza kutoa cheche. Mpira ukipasuka madirisha yakiwa yamefungwa, mzee na mama watakuwa wameketi ndani ya jiko. Kadhalika, fundi anayetaka kupima uvujaji kwa kujaza oksijeni ya kuchomelea anacheza na mlipuko, kwa kuwa oksijeni yenye nguvu haipatani na mafuta yaliyomo ndani ya kompresa. Gesi salama ya kupimia ni naitrojeni, pamoja na povu la sabuni kwenye viungo.

Njia halali ni kuligeuza gari litumie R134a, inayouzwa na mafundi wa viyoyozi hapa nchini. Hii nayo si malaika. Haigusi ozoni, ila huchangia joto la dunia mara 1,430 kuliko kabonidayoksaidi kwa uzani uleule, kwa hiyo haifai kuachiliwa hewani kama moshi wa kuni. Tena kuigeuza si kumimina tu. Mafuta ya zamani ya kompresa hayachanganyiki na R134a, ni lazima yatolewe na mengine yanayofaa yatiwe, la sivyo kompresa hukauka na kujiua. Chupa ya kukaushia unyevu ibadilishwe, ringi za mipira kwenye viungo zibadilishwe, halafu mfumo wote ufyonzwe hewa na unyevu kwa pampu, nusu saa au zaidi. Mwisho, gesi mpya hutiwa pungufu kidogo ya kiwango cha zamani, yapata asilimia 80 hadi 90. Fundi asiye na pampu wala geji anabahatisha.

Hata hivyo, dada, ukiisoma barua yako kwa makini utaona kuna jambo ambalo gesi haiwezi kulieleza. Gesi ikikwisha, gari hutoa hewa ya kawaida, yenye joto la nje. Lenu linatoa hewa ya moto. Moto huo unatoka wapi?

Hapa ndipo kiyoyozi cha kujiongoza kinapowachanganya mafundi wengi. Ndani yake kuna nyumba mbili, ya baridi na ya moto. Maji yanayochemka kwenye injini hupelekwa ndani kupasha hewa, na kuna vali ya umeme inayoyaruhusu au kuyazuia. Katika Mercedes za miaka ya themanini kama hiyo, vali hiyo huhitaji umeme ili ifunge. Waya ukikatika, au kile kipira chembamba ndani ya vali kikichanika, hubaki wazi, na maji ya moto hupita mchana kutwa. Waundaji walikuwa Wajerumani. Waliona heri dereva apate joto kupita kiasi kuliko agande kwenye theluji. Hawakuifikiria Bissil mwezi wa Februari.

Kisha kuna kitambuzi cha joto, kidude kidogo ambacho hufyonziwa hewa ya ndani ya gari ili kijue hali ilivyo. Vumbi letu likikiziba, kinaidanganya mashine. Na kuna vilango vya kuelekeza hewa, usoni, miguuni au kwenye kioo, ambavyo haviendeshwi na umeme bali na mvuto wa hewa kutoka kwenye pampu ya injini, kupitia vijipira vyembamba kama mrija wa soda. Pampu hiyohiyo ndiyo hufunga milango na kuzima injini ya dizeli. Kwa hiyo ukiona gari halizimiki upesi ufunguo unapozimwa, milango nayo inajifunga kwa uvivu, na hewa inakwenda kwenye kioo badala ya usoni, usiite mafundi watatu. Huenda ugonjwa ni mmoja, kijipira kimoja kilichopasuka kwa uzee.

Nilimjibu binti huyo kabla ya kuandika makala hii, nikamwomba wafanye jambo moja lisilo na gharama. Waendeshe gari mpaka injini ipate joto, wachague baridi kabisa, wazime, halafu kwa uangalifu na kitambaa mkononi waguse mipira miwili inayoingiza na kutoa maji ya kupasha hewa. Vali ikifanya kazi, mpira unaotoka kwenye vali haupaswi kuwa na moto mkali. Barua ya pili imefika. Yote miwili ilikuwa moto. Walipochunguza zaidi, waya wa vali ulikuwa umeliwa na kutu kwenye kiungo chake. Ulisafishwa na kufungwa upya, na hewa ya moto ikakoma siku hiyohiyo.

Gesi bado inavuja, kwenye kompresa, na mzee anadunduliza pesa ili itengenezwe vizuri, mara moja. Lakini mama amekwenda Nairobi na kurudi bila kulegea. Na mtungi wa gesi umebaki jikoni unakostahili.

Kwa wenye magari ya zamani zaidi, ya mwisho wa miaka ya sabini, shida ni nyingine. Mercedes wakati huo walitumia kifaa kilichobuniwa na Chrysler ya Marekani, ambamo maji ya moto, umeme na mvuto wa hewa vyote vilipita katika sanduku moja la plastiki chini ya boneti. Plastiki na maji yanayochemka si marafiki wa kudumu. Ikipasuka, spea yake ni ghali na huagizwa ng'ambo. Familia isiyo na uwezo huo isione haya kuweka vali ya kawaida ya kufungwa kwa mkono. Wapenda magari ya maonyesho watanung'unika, lakini hawatakuwa wameketi kiti cha nyuma mkielekea Namanga. Lihifadhini lile sanduku la zamani kabatini, siku moja mjukuu mwenye pesa atalirudisha.

Basi mzee akienda gereji, afuate utaratibu: fyuzi na belti kwanza, kisha kondensa ioshwe vumbi na nyasi na feni yake ijaribiwe, halafu vali ya maji, vijipira vya mvuto, kitambuzi, na mwisho kabisa gesi. Fundi akianza na gesi, aulizwe kwa heshima, "Kijana wangu, ile ya mara iliyopita ilikwenda wapi?"

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msilidharau swali hilo. Kujaza gesi kunaweza kufanywa na yeyote mwenye mtungi. Kujua imetokea wapi ndiko kunakomfanya mtu aitwe fundi, na wazee wenye magari yao bado wanamtafuta mtu huyo kutoka Athi River hadi mpakani. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.